Mali Bila Daftari

Juma hili naomba nianze kwa kuungama.

Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa kanisa la mji wetu, na msimu wa kipaimara ulipokaribia, wazazi walijipanga hapo watoto wao wapimwe miguu. Alipofariki aliacha msharasi, nyundo na gunia la foroma, yaani zile kalibu za mti zinazovalishwa ngozi ili kiatu kipate umbo. Nyingine alikuwa ameziandika majina ya wateja wake kwa kalamu ya risasi. Wakati wa matanga foroma zile zilitiwa jikoni kuchemshia chai. Nilikuwepo, na chai niliinywa.

Kilichonikumbusha ni habari za mji wa Northampton, Uingereza, ulioishi kwa kazi ya viatu karne na karne. Mwaka 1642, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mafundi 13 wa huko walipewa zabuni ya kulishonea jeshi viatu jozi 4,000 na buti jozi 600. Hata timu yao ya kandanda hadi leo hupewa jina la utani la washona viatu.

Mwaka 1675 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, pamoja na kanisa la Watakatifu Wote. Mfalme Charles wa Pili alitoa mbao tani 1,000 za kujengea upya. Sanamu yake ingali juu ya baraza ya kanisa hilo, na kila tarehe 29 Mei huvikwa shada la majani ya mwaloni.

Sawa. Mfalme hakosi wa kumkumbuka. Fundi je?

Hapo ndipo watu wa Northampton walipofanya jambo la maana. Katika nyumba kuukuu za Uingereza, waashi wanapobomoa kuta na mabomba ya moshi, mara nyingi hukuta kiatu kilichofichwa humo. Si kiatu kizuri. Ni kikuukuu, kimeliwa kisigino, mara nyingi cha mtoto, na aghalabu ni kimoja tu. Wengi hudhani kiliwekwa kiwe kinga dhidi ya mabaya, ila waliokificha hawakuandika neno. Katika miaka ya 1950 mtunzaji wa viatu katika makumbusho ya mji huo, mama June Swann, alianza kuviorodhesha: kimepatikana nyumba gani, sehemu gani, ni cha umri gani. Leo orodha ina taarifa zaidi ya 1,500. Takataka ya mwashi imegeuka historia, na kilichoigeuza ni daftari.

Jirani na mji huo kuna kijiji cha Moulton. Mwaka 1785 alihamia huko William Carey, mhubiri aliyeshona viatu ili ale, kabla ya kwenda India mwaka 1793. Katika nyumba yake limehifadhiwa hodhi alilolowekea ngozi. Ukilitazama ni hodhi tu. Ukiambiwa lilikuwa la nani, unasimama.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuwaachia wenye maduka methali hiyo, kumbe inatuhusu sote. Kabla kanisa au msikiti wa zamani haujabomolewa, kabla gunia la marehemu halijatupwa, chukua daftari la shule. Andika kitu chenyewe, kilikuwa cha nani, kilifanya kazi gani, kimetoka wapi. Haihitaji mfadhili wala kibali.

Majuzi mimi na ndugu zangu tulikaa kujaribu kukumbuka majina yaliyokuwa kwenye foroma za mjomba. Usiku mzima tulipata matatu. Nimeyaandika.

Hadi juma lijalo, kwaherini.