Betri ya Sigara ya Umeme Ndani ya Turubai

Leo tunazungumzia kitu kidogo kinachovuka mpaka kikiwa mfukoni: betri ya sigara ya umeme, ile vijana wanayoiita vepu.

Mjini Busia, upande wa Kenya, sigara hii huuzwa. Ukivuka kuingia Uganda, iwe hapo Busia au Malaba katika wilaya ya Tororo, sheria ni nyingine. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuiingiza nchini na kuiuza. Basi ikiharibika huku, hakuna duka la kuirudisha. Mtu huipeleka kwa fundi wa simu, naye huitilia betri aliyoitoa kwenye kompyuta kuukuu. Hatari inaanzia hapo.

Kila betri ya lithiamu ina kipimo cha umeme inachoweza kutoa kwa mara moja. Nyingi zikijaa huwa na volti 4.2. Waya unaopasha joto ukiwa wa omu 0.2, gawanya 4.2 kwa 0.2: betri inadaiwa ampia 21. Betri nyingi za kompyuta hazikuundwa kutoa hata 10. Ni kama kumtwika mtoto gunia zima la mahindi. Itapata moto, na inaweza kulipuka. Wala msiamini kila kilichoandikwa juu yake. Betri nene kama kidole gumba, yenye urefu wa milimita 65, ikiandikwa miliampia 9,900 kwa saa, huo ni uongo mtupu. Hata zilizo bora hazifiki nusu ya hapo.

Wewe usiyevuta, usizime redio. Betri za aina hiyo zimo pia katika tochi na pawabenki. Usiichaji juu ya godoro, wala ukiwa umelala. Turubai likishika moto halikupi nafasi. Usiibebe pamoja na funguo au sarafu, kwani chuma kikigusa ncha zote mbili, betri inaweza kuwaka. Ikivimba, iache kabisa, usiitoboe. Ikiwaka, watoeni watoto kwanza, msivute ule moshi, kisha mwagieni maji mengi mkiwa mbali, tena na tena, maana huweza kuwaka upya.

Na betri mbovu isitupwe kwenye shimo la kuchomea taka. Iwekeni nje, ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, watoto wasipofika, kisha waulizeni viongozi wenu wa kijiji ipelekwe wapi.