Tarehe Inayohesabika Ni Ile ya Muhuri

Maongezi kwa wanachama waliokusanyika Ndosho

Aksanti kwa kufika, zaidi ninyi mliopanda moto asubuhi kutoka Sake na Kirotshe. Tunajua bei ya njia.

Leo hatukuleta mbegu wala masafuria. Tumeleta neno moja: muhuri. Sisi tunaofanya kazi ya madosye pamoja nanyi tunaonaga dosye nzuri inakufa, si kwa sababu iko na uongo, lakini juu ya tarehe.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Biro moja ilitoa nafasi kwa familia zinazorudi ziombe msaada wa kujenga. Mwisho ilikuwa siku ya tano. Barua tuliimaliza siku ya ine, tukatia saini, tukaandika tarehe ya siku ile, tukampa motari. Alifika kesho yake saa kumi ya mchana, akakuta mlango umefungwa. Akairudisha siku ya kwanza, ndipo wakapiga muhuri. Tulipoenda kulalamika, karani hakutukana. Aliweka tu kidole juu ya muhuri. Zile familia zililala msimu mwingine mzima chini ya shitingi. Tuliwaomba msamaha, na leo tunaomba tena.

Kila karatasi iko na tarehe mbili: ile siku inatoka mkononi mwako, na ile siku inapokelewa. Wewe unahesabu ya kwanza. Biro inahesabu ya pili.

Msifikiri ni shida ya huku tu, ambako barua inasafiri katika mfuko wa motari. Ndugu zetu walioenda Marekani kama wakimbizi, wakapata uraia, wengine wanapigaga kura kwa barua. Kwa uchaguzi wa tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 2024, jimbo la California lilikubali barua iliyofika hata siku saba nyuma, lakini sherti muhuri wa posta usipite siku ya kura. Pennsylvania ilikataa hiyo: barua iwe imefika saa mbili ya usiku siku yenyewe ya kura. Na mtu akiitumbukiza katika sanduku mangaribi, posta inaweza kupiga muhuri kesho yake. Wako na posta inayotembea, na bado muhuri unawashinda wale wanaongoja siku ya mwisho.

Sasa turudi kwa watoto wetu, juu ya hao ndio tumekuja. Sheria ya familia, vile ilibadilishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, inasema mtoto aandikishwe kwa ofisa wa hali ya kiraia ndani ya siku 90. Zikipita, kazi inatoka komini inaenda tribinali, mpaka mupate hukumu. Ni njia ndefu kwa mama anayeuza ndizi kando ya barabara.

Makosa ni mawili. La kwanza: ile karatasi maternite inakupa siku ya kutoka si uandikishaji. Ni ushuhuda tu kwamba mtoto alizaliwa. Wamama wengi waliifunga vizuri ndani ya plastiki, wakaitunza Bulengo na Lushagala, wakaibeba wakati kambi zilivunjwa mwezi wa pili 2025, na walifikiri mtoto ameandikwa. Hakuwa ameandikwa.

La pili: siku 90 si miezi mitatu. Mtoto akizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu, siku 90 zinatimia tarehe 1 mwezi wa sita. Ukihesabu miezi, utafika tarehe 3, na siku mbili zimekwisha kupita. Na tarehe 1 ikianguka siku ya yenga, nani atakufungulia?

Basi tunaomba mambo manne.

Moja: mtoto akizaliwa, hesabu siku 90 kwa kalenda siku ile ile, uandike tarehe ya mwisho nyuma ya karatasi ya maternite. Halafu jiwekee mwisho wako mwenyewe, majuma mawili mbele.

Mbili: kila barua iende na nakala mbili. Moja inabaki biro, ya pili inarudi nyumbani na muhuri, tarehe na saini ya aliyepokea. Bila hiyo, barua haijafika, hata kama motari anaapa.

Tatu: fakture na makaratasi ya shule ni vile vile. Ukimpa mtu franka akulipie, hujalipa. Umelipa siku ile bordero inarudi na tarehe.

Ine: msikubali mtu awauzie muhuri wa tarehe ya nyuma. Siku wanalinganisha na kitabu cha biro, dosye inaanguka, na wewe unakuwa mwenye kosa.

Na wale ambao siku 90 zimekwisha kuwapita, musifiche watoto juu ya haya. Mulikuwa munakimbia risasi, hamukuwa munalala. Mlete karatasi ya maternite, kama iko, na majina ya watu wawili walioona mtoto akizaliwa. Tutaketi pamoja, tutayarishe dosye ya tribinali, na safari hii tutaipeleka sisi wenyewe, kwa mkono wetu, asubuhi, kabla ya siku ya mwisho.