Risasi Kwanza, Mtutu Baadaye: Mada kuhusu Urefu wa Mtutu na Msokoto Wake



Nimeombwa nizungumzie mtutu mbele yenu, wawindaji bingwa na vijana mnaojiandaa kwa mtihani. Nitaanza na kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka, kwa sababu mtutu haukuwekwa pale ila kukitumikia. Wengi wetu huvutiwa na kaliba na mbao za kitako, tukalipa, kisha ndipo tukaulizana ni risasi gani bunduki hiyo itazikubali. Tumeanzia mkiani.

Gobore ni laini kwa ndani. Goroli hutoka bila kuzungushwa, na kwa kuwa ni duara halina ubavu wa kugeukia. Bunduki zetu hurusha kichwa kirefu, na kitu kirefu kinachosukumwa na upepo kwa mbele, huku uzito wake ukiwa umekaa nyuma, hutaka kupinduka. Ndiyo maana mtutu huchongwa mifuo inayojipinda, ikakizungusha kichwa kabla hakijatoka. Msokoto ni umbali ambao mfuo unakamilisha mzunguko mmoja: mtutu wa 1:10 huzungusha mara moja kwa kila inchi 10. Kwa kasi ya mita 850 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya mizunguko 3,300 kila sekunde.

Sasa, msokoto upi unatosha? Mwaka 1879 mwanahisabati Mwingereza, Alfred George Greenhill, alitoa kanuni inayotumika hadi leo kwa makadirio. Chukua kipenyo cha kichwa kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 150, kisha gawanya kwa urefu wa kichwa. Tuchukue .375 H&H, risasi ya mwaka 1912 ambayo wengi humu ndani wanaibeba, na tuseme kichwa chake kina urefu wa inchi 1.4. Jibu ni kama 15. Mitutu ya kaliba hiyo kwa kawaida ni 1:12, kwa hiyo msokoto tulio nao ni wa kutosha na akiba juu.

Angalieni kwamba uzito haumo katika kanuni hiyo. Kilichomo ni urefu. Watu husema "risasi nzito inataka msokoto wa haraka", na mara nyingi wanapatia kwa bahati, kwa kuwa katika kaliba moja kilicho kizito huwa pia kirefu. Lakini kichwa cha shaba tupu, kisicho na madini ya risasi ndani, ni kirefu kuliko chenzake cha uzito uleule, maana shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Wageni wanaotoka California, ambako tangu Julai 2019 risasi zenye madini hayo zimepigwa marufuku katika uwindaji wote, huja na shaba hizo. Mtutu uliotulia miaka yote kwa risasi za zamani unaweza kuyumba kwa hizi, na mwenye bunduki akailaumu darubini.

Somo ghali zaidi lilitolewa sokoni. Mwaka 1955 kampuni mbili za Marekani zilitoa risasi mbili zinazokaribiana sana, zote za milimita 6. Winchester ilileta .243 kwa msokoto wa 1:10. Remington ilileta .244 kwa 1:12, ikiwafikiria watu wanaolenga wanyama wadogo kwa vichwa vyepesi. Mwindaji wa paa alitaka bunduki moja kwa kazi zote mbili, na vichwa virefu vya greni 100 havikutulia kwa uhakika katika ile 1:12. Ganda la .244 lina nafasi kubwa kidogo ya baruti, na bado lilishindwa. Mwaka 1963 Remington ilibadili jina likawa 6mm Remington, na msokoto ukawa 1:9. Wanunuzi walikuwa wameshahamia kwa jirani.

Baridi nayo ina neno lake. Bunduki ya M16 ilianza na 1:14. Ilipojaribiwa katika baridi kali, hewa nzito ikaviyumbisha vichwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikapelekwa 1:12. Kwetu mambo ni kinyume: joto na mwinuko huifanya hewa kuwa nyepesi, kwa hiyo mtutu unaosuasua Alaska unaweza kutulia Arusha. Asiyejua hilo atafunga safari ya kurudi akishangaa. Msokoto wa haraka kupita kiasi una kasoro ndogo zaidi: kichwa chenye ganda jembamba chaweza kupasuka hewani. Kwa kazi yetu, kosea upande wa haraka.

Bell, yule mwindaji wa tembo wa Karamoja kule Uganda, alitegemea sana bunduki ya 7x57, kaliba ambayo leo kanuni zetu zisingeiruhusu kwa tembo. Vichwa vyake vya greni 173 vilikuwa virefu na vigumu, na mtutu wa Mauser wa milimita 7 ulikuwa na msokoto wa haraka, wa milimita 220. Shabaha na ujuzi vilikuwa vyake. Lakini mtutu ule usingezungusha vya kutosha, ujuzi huo ungepotea hewani.

Urefu wa mtutu hauhitaji maneno mengi. Mtutu mrefu hauna shabaha zaidi. Una kasi zaidi, basi. Kila inchi inayokatwa hupunguza, kwa kukadiria, mita 6 hadi 10 kwa sekunde. Kutoka inchi 24 hadi 22 katika .375, nyati wa mita 40 hapati nafuu yoyote. Tena mtutu mfupi ni mgumu kutikisika, na hupita vizuri kwenye vichaka. Mwaka 1902 Waingereza walipoifupisha Lee-Enfield kutoka inchi 30.2 hadi 25.2, wapiga shabaha walipiga kelele. Bunduki hiyo fupi ikabebwa kwa vita viwili vikuu, askari wa KAR (King's African Rifles) wakiwamo.

Gharama ya ufupi ni mshindo. Anayeupokea ni msoma nyayo aliyesimama mbele kidogo ya bega lako, na kifaa cha kupunguza teke huuzidisha pembeni. Mimi nisingeshuka chini ya inchi 22 kwa sababu ya masikio yake. Na bunduki ya mitutu miwili msiiguse kabisa: mitutu hiyo imeelekezwa ikutane kwa risasi moja maalumu, na ukiikata mwelekeo unavurugika.

Kambini, kabla ya kumpeleka mgeni porini, mpe karatasi ya shabaha mita 100 na risasi zilezile atakazowindia. Tundu likiwa duara, endeleeni. Likiwa refu, kichwa kimegonga kwa ubavu: acheni darubini, mtafutieni risasi yenye kichwa kifupi, mpige tena.