Kabla ya kusema tumehujumiwa, tupime: kurusha gemu laivu kwa mtandao wa Kigoma

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Ujiji. Naiweka hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.)

 

Nimepewa dakika 15. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mnalijua banda letu la gemu pale Mwanga. Tulifanya ligi ya eFootball, tukairusha laivu YouTube. Fainali ilikuwa Ujiji na Kibirizi. Dakika ya 88, ngoma 1-1, picha ikaganda. Iliporudi, Ujiji 2, Kibirizi 1, mpira umekwisha. Jamaa wa Kibirizi wakajaa kwenye maoni: "Mmekata makusudi!" Na mimi, kwa kujitetea, nikajibu fasta: "Tumehujumiwa, mtandao umebanwa."

Jamani, sikuwa na ushahidi hata chembe. Nilisema vile kwa sababu nchini kwetu neno hilo linaaminika haraka. Na lina sababu ya kuaminika. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, tukakaa gizani siku kadhaa. Ila mnakumbuka pia tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ikalegea? Ile ilikuwa hitilafu. Kwenye simu yako vyote viwili vinafanana: kile kiduara kinazunguka tu. Usipopima, huwezi kujua kipi ni kipi.

Basi nikakaa chini nikapima. Jibu lilikuwa jingine kabisa: kosa lilikuwa langu. Sikilizeni vizuri, msije mkarudia.

Kwanza, jua fremu inapotelea wapi. Wanaotumia OBS Studio, humo ndani kuna dirisha la takwimu. Linaonyesha hesabu tatu, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni fremu zilizochelewa kuchorwa: hapo kadi ya picha imeelemewa na gemu. Punguza ubora wa picha ndani ya gemu, au wekea gemu kikomo cha fremu kwa sekunde. Ya pili ni fremu zilizorukwa wakati wa kubana video: hapo prosesa imechoka. Punguza ukubwa wa picha, chagua mpangilio wa kubana ulio mwepesi zaidi, au kazi hiyo ipe kadi ya picha kama inaweza. Ya tatu ni fremu zilizodondoka kwa sababu ya mtandao. Hizo mbili za kwanza, hata ukinunua bando la laki moja, hazitapona. Vijana wengi tunamaliza hela kwenye vocha wakati ugonjwa uko kwenye laptopu.

Kwangu mimi ilikuwa ya tatu. Nikapima kasi. Hapa tunakosea wengi: tunaangalia kasi ya kushusha, ile ya kutazamia video. Anayerusha laivu anahitaji kasi ya kupandisha. Nikapima siku 14, mara tatu kwa siku, nikaandika kwenye daftari. Wastani wangu wa saa 11 alfajiri ulikuwa megabiti 4.8 kwa sekunde. Saa 8 mchana, 2.6. Saa 2 usiku, muda ule ule wa fainali, 1.4. Usiku kila mtu yuko mtandaoni, na mnara mnagawana.

Sasa mimi OBS yangu niliiacha na bitireti ya 2,500. Yaani kila sekunde namwaga kilobiti 2,500 kwenye bomba la 1,400. Ni kama wavuvi wa Kibirizi kupakia dagaa wa mitumbwi miwili kwenye mtumbwi mmoja. Lazima vingine vimwagike ziwani. Nani amekuhujumu hapo?

Kanuni ninayoitumia: video na sauti kwa pamoja visizidi asilimia 70 ya kasi ya kupandisha, iliyopimwa saa ile ile utakayorusha. Kwa 1,400, ni kama 980. Nikaweka video 880 na sauti 96. Picha nikaishusha hadi 480p, fremu 30 kwa sekunde. Msiidharau 480p, watazamaji wetu wengi wako kwenye simu. Bitireti iwe isiyobadilika, na fremu kamili ije kila baada ya sekunde 2. Halafu kwenye mipangilio ya ndani ya OBS, ruhusu bitireti ijishushe yenyewe mtandao ukibanwa. Ni afadhali picha ififie kidogo kuliko ikatike.

Na bando lenyewe? Kwa hesabu hiyo saa moja inakula kama MB 440. Kwa bitireti ya 2,500 ni zaidi ya GB 1.1 kwa saa. Fanya hesabu kabla ya kuchangisha watu.

Mambo madogo yanayoua: wai-fai ya kupitia kuta tatu, tumia waya, au unganisha simu kwa waya wa USB. Simu za wenzako zilizojiunga kwenye rauta yako, zitoe. Masasisho ya Windows, yasimamishe. Kumbuka pia gemu lenyewe likichezwa mtandaoni linatumia bomba hilo hilo.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Wakati unarusha, rekodi pia kwenye diski. Fremu inayodondoka njiani haidondoki kwenye faili lako. Ningekuwa nimerekodi, ile dakika ya 88 ingekuwepo nzima, na Kibirizi wangeliona goli kwa macho yao. Sikurekodi. Nikabaki na mdomo tu.

Vijana wenzangu, haya hayahusu gemu peke yake. Kesho tutakuwa na simu zetu kwenye mikutano, na kwenye vituo. Mkongo wa Taifa umefika Kigoma, lakini kasi haijafika kwenye kila banda, na ni haki yetu kuidai. TCRA hutoa ripoti za ubora wa huduma kila robo mwaka. Twende na daftari letu: tarehe, saa, mahali, kasi. Tuanze kwa mtoa huduma, tusiposikilizwa twende kwa mdhibiti. Mwenye namba haambiwi ni mlalamishi. Na siku tukibanwa kweli, tutaaminiwa, kwa sababu hatukupiga kelele ya mbwa mwitu siku ambayo kosa lilikuwa letu.

Kibirizi nimewaomba radhi hadharani, na fainali tumeirudia. Saa 2 usiku, mtandao ule ule, mipangilio mipya. Fremu zilizodondoka hazikufika asilimia 1.

Ujiji tulifungwa 3-1. Picha safi kabisa, magoli yote yameonekana, na hakuna aliyesema amehujumiwa.