Sala, Sindano na Siku Tatu za Mwanzo: Uraibu wa Pombe Tabora



Kijana akizidiwa na gongo, ukoo hukaa kikao na kugawanyika: huku wa maombi, huku wa hospitali. Ugomvi huo unanishangaza, maana kwa magonjwa mengine mkoa huu wa Tabora haukuujua. Hospitali ya Nkinga ni ya Wapentekoste, Ndala ya Wakatoliki, Sikonge ya Wamoraviani. Mgonjwa wa malaria huko huombewa na dripu ikining'inia, wala hakuna anayeulizwa achague.

Hata soba hausi, nyumba za wanaoacha ulevi, zisizo za dini si ngeni kwa dini. Za Zanzibar, kwa Waislamu, hutumia hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama kilichozaliwa Akron, Ohio, mwaka 1935, miongoni mwa watu waliopitia kundi la uamsho wa Kikristo. Waasisi walimwachia kila mtu Mungu amjuaye yeye, na hatua hizo zikavuka bahari.

Hofu yangu iko kwenye siku za mwanzo. Mnywaji wa miaka mingi akikatishwa ghafla, mikono hutetemeka mpaka chai inamwagikia mapajani. Shuka hulowa jasho. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka degedege. Kuanzia siku ya tatu wengine huona wadudu wakitambaa ukutani na kujibizana na watu wasiokuwapo. Penye kambi ya maombi isiyo na tabibu, hapo hukemewa pepo, pengine kamba ikatafutwa. Tabibu huona ugonjwa unaoweza kuua, akatoa diazepamu na vitamini B1. Arosto, yaani mateso ya kuacha, ya heroini hutesa mno, lakini ya pombe ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa kuua. Na anayesubiri methadoni, ile iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ajue ni ya heroini na jamii yake. Kwa gongo si dawa.

Kwa hiyo aanzie Hospitali ya Kitete, au hospitali yoyote yenye daktari, iwe na msalaba mlangoni au isiwe nao. Akihitaji wataalamu wa afya ya akili, treni itampeleka mashariki, kwa njia ya zamani ya wapagazi wa Kinyamwezi, hadi Hospitali ya Mirembe, Dodoma.

Baada ya hapo naachana kidogo na madaktari wenzangu. Mtu huyu atarudi Urambo malipo ya tumbaku yakitoka, na marafiki wa kilabuni wana hela. Jioni hiyo daktari hayupo. Kwaya ipo, darsa ipo. Kuhusu nguvu ya vikundi, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27, yaliona kuwa tiba zinazomwingiza mtu kwenye vikundi vya Alcoholics Anonymous huwasaidia wengi zaidi kuacha kabisa kuliko tiba nyingine za mazungumzo.

Kabla ya kulipa ada ya soba hausi au kambi, basi, ulizeni nani huwaona wagonjwa usiku, na kama dawa walizoandikiwa zinaruhusiwa. Mtoto wa Ng'ambo ya hapa Tabora aliye Mwislamu, ulizeni ataswali wapi. Mwenye soba hausi au kambi akisema daktari hahitajiki, rudini na mgonjwa wenu siku hiyohiyo.