Gari la Kwanza na Mgongo wa Mdhamini



Mada tuliyopewa na Tume ya Haki na Amani imewafanya baadhi yenu watabasamu. Mmezoea kutusikia tukinena juu ya ardhi, rushwa, au mirathi ya wajane. Leo tunanena juu ya gari, tena si gari la kubebea mahindi, bali gari la mbio: lile la chini, lenye matairi mapana na bomba la moshi linalonguruma, ambalo kijana hulitamani hata kabla hajapata kitanda chake mwenyewe. Mzee mmoja ametuuliza pale mlangoni kama Kanisa limekosa kazi. Hatukumjibu, kwa kuwa jibu ni refu, na linamhusu yeye pia: amewadhamini wajukuu wawili.

Kwanza tukiri jambo moja. Kupenda gari zuri si dhambi. Tulikuwa wavulana mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda mashindano ya Safari Rally huko Kenya kwa Subaru Impreza. Na mwaka 2000 Richard Burns alishinda tena kwa gari la jina hilohilo. Picha ya lile gari la buluu likitimua vumbi ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati bwenini seminarini, na padre mlezi hakuiona, au alijifanya hakuiona. Wala tusisahau kwamba sisi mapadre twaendesha magari ambayo aghalabu ninyi ndio mliyoyachangia. Hatuna basi haki ya kumcheka kijana anayetaka lake.

Magari hayo ya picha sasa yamo mitaani mwetu, yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Toyota Altezza ilitengenezwa huko tangu 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata ile iliyo changa kuliko zote imepita miaka 20. Mark X ilianza mwaka 2004 na kukoma 2019. Kijana huiona bei yake katika simu, hufurahi, na hesabu yake huishia hapo. Lakini bei ile ni ya gari lililo Japani bado. Likifika bandarini Dar es Salaam, juu ya thamani inayokubaliwa na forodha hutozwa ushuru wa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1000 na 2000, na asilimia 10 kwa injini iliyozidi hapo. Juu ya vyote hivyo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Kwa Mark X yenye injini ya lita mbili na nusu, kila shilingi 100 ya thamani huwa zaidi ya 160 kabla ya tozo nyingine. Kisha gari lililopita umri wa miaka minane hutozwa na ushuru wa uzee wake.

Hapo ndipo kijana huona kwamba akiba yake imeishia baharini, na huenda kutafuta mkopo.

Twaomba sasa mtuvumilie kidogo, kwa maana tutafanya hesabu, na tungependa kila mmoja aandike. Tuseme amekopa shilingi 12,000,000 kwa miezi 36, na ameambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Maneno hayo yana maana mbili. Yupo mkopeshaji anayehesabu riba juu ya mkopo wote tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, kana kwamba hujarudisha hata senti. Kwake utalipa 240,000 za riba kila mwezi pamoja na 333,333 za mkopo, yaani 573,333; na baada ya miaka mitatu utakuwa umelipa 20,640,000. Yupo mwingine anayehesabu riba juu ya salio lililobaki tu. Kwake utalipa karibu 471,000 kwa mwezi, na mwisho wa yote karibu 16,950,000. Asilimia ni ileile mdomoni, lakini tofauti yapata 3,690,000. Yule wa kwanza kwa kweli anatoza zaidi ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya fedha ulizo nazo mkononi, lakini tangazo lake linasema 2, na wala hasemi uongo. Basi swali la kumwuliza mkopeshaji, hata kabla ya kuuliza kiwango cha riba, ni hili: riba hii inahesabiwa juu ya nini? Asiyetaka kulijibu kwa maandishi, muageni kwa heshima.

Ulizeni pia kama ana leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hata mkopeshaji mdogo anayefanya biashara hiyo hana budi kuwa nayo. Wale wanaoitwa mitaani „kausha damu“, wanaomshikia mwalimu kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, mara nyingi hawana. Torati ilikataza kutwaa rehani jiwe la kusagia la maskini, kwa kuwa ni kutwaa uhai wake. Kadi ya mshahara ndilo jiwe la kusagia la mwalimu wa leo.

Juu ya gharama za kuliendesha hatutakawia. Mkopeshaji hushika kadi ya gari na aghalabu hudai bima kubwa, si ile ndogo. Gari la chini hugonga kila tuta, na matairi yake mapana si ya bei ya matairi ya kawaida. Lakini kuna jambo moja la mafuta ambalo Tume imetuomba tulitaje. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya leseni ya magari iliyolipwa kila mwaka, na badala yake ikaongeza shilingi 40 katika kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Wenye magari tulishangilia. Bibi wa kijijini mwenye kibatari, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, aliongezewa shilingi zake 40 pamoja nasi. Hatusemi kwamba kijana mwenye Altezza ndiye aliyemdhulumu. Twasema tu kwamba gari moja hulipiwa na watu wengi kuliko wanaoketi ndani yake.

Na hapa twafika kwenye habari iliyotufanya tukubali kuizungumza mada hii.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine tuliyoihudumia, alikuja ofisini kijana wa kwaya, mwenye ajira nzuri na heshima kwa wazazi. Aliomba barua ya utambulisho kwa chama kimoja cha akiba na mikopo. Hatukumwuliza mkopo ni wa nini. Tulimjua tangu Komunyo ya Kwanza. Tuliandika, tukagonga muhuri, tukamtakia baraka. Wadhamini wake walikuwa watatu, wote wa jumuiya yake: mama muuza samaki, mwalimu mstaafu na fundi cherehani. Waliambiwa ni mkopo wa maendeleo. Walipoona muhuri wa parokia walitia sahihi bila kuuliza, maana walidhani padre amekwisha kuuliza. Nasi tulidhani wao ndio walioulizana.

Gari lilikuja, jekundu, na tulilibariki kwa maji ya baraka mbele ya kanisa, watoto wakilizunguka. Mwezi wa kumi na nne ajira ilikwisha. Si kwa kosa lake. Kampuni ilipunguza watu. Marejesho mawili yakapita, kisha matatu. Gari likakamatwa na dalali na kuuzwa kwa bei ya haraka, na fedha iliyopatikana haikutosha deni. Ndipo chama kilipogeukia akiba za wale watatu, kama sheria inavyokiruhusu, kwa kuwa mdhamini hudaiwa sawasawa na mdaiwa mwenyewe. Yule mama alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya karo ya binti yake wa kidato cha tatu. Binti alikaa nyumbani muhula mzima.

Mama yule hakutulaumu hata mara moja. Aliendelea kutuletea samaki siku ya Ijumaa, nasi tuliendelea kuwapokea, na kila Ijumaa ilikuwa vigumu kuwala. Kijana aliacha kuja Misa, si kwa kukosa imani, bali kwa kuwa mama yule huketi benchi la pili. Jumuiya iliyosali rozari pamoja miaka kumi ikashindwa hata kukutana. Mwalimu alisema hatamdhamini tena mtu yeyote hadi kufa kwake, hata mgonjwa. Na neno hilo lilituuma kuliko mengine yote, kwa maana alilitunza.

Baadhi yenu mtasema: basi mikopo yote iachwe. Hapana. Kanisa halikuwahi kuwaachia maskini mikononi mwa walanguzi wa fedha na kisha kuwahubiria subira. Mwaka 1462 Wafransisko wa Perugia huko Italia walianzisha nyumba ya kukopesha maskini kwa rehani na gharama ndogo, na nyumba za namna hiyo zikaenea. Wapo waliowapinga wakisema hata gharama ile ndogo ni riba, lakini mwaka 1515 Papa Leo X na Mtaguso wa Tano wa Laterano waliikubali kazi yao. Papa Leo XIII mwaka 1891, katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, aliihesabu riba ya ulafi miongoni mwa mizigo iliyowakandamiza. Na Papa Yohane Paulo II mwaka 1991 alifundisha kwamba kutaka maisha mazuri zaidi si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kuwa na vitu vingi ndiko kuwa mtu. Vyama vyetu vya akiba ni vyema. Kudhamini ni tendo la upendo. Lakini Kitabu cha Methali kinamwonya mdhamini asiye na cha kulipa kwamba hata kitanda chake kitachukuliwa, na hakimwonyi kwa sababu upendo ni mbaya. Kinamwonya kwa kuwa upendo usioambiwa ukweli umeibiwa.

Huo ndio wizi tunaousema leo. Kijana yule hakuiba fedha. Alinyima watu watatu habari waliyostahili kuijua, yaani gari ni la namna gani, deni ni kiasi gani, na litalipwaje siku ajira ikikoma. Nasi tulimsaidia kwa muhuri.

Kwa hiyo, kwa makubaliano na Halmashauri ya Walei, parokia hii haitoi tena barua ya mkopo kwa mtu mmoja anayekuja peke yake. Mwombaji huja na wadhamini wake wote, na mkataba husomwa kwa sauti mbele yao kabla ya sahihi, pamoja na kiasi cha mwisho cha kulipwa kikiwa kimeandikwa kwa shilingi, si kwa asilimia. Wakitaka, mjumbe mmoja wa Tume hukaa nao.

Wa kwanza alikuja mwezi uliopita. Kusoma kulichukua saa moja na nusu, kwa kuwa mjomba wake alitaka kila kifungu kirudiwe. Walipofika kwenye jumla, mdhamini mmoja alisimama, akasema anampenda sana lakini hawezi, akaondoka. Kijana alikasirika, nasi tulidhani hatutamwona tena. Baada ya wiki mbili alirudi na wadhamini wawili na mkopo wa nusu ya ule wa kwanza. Nusu nyingine ataiweka akiba hadi mwakani. Gari analolitaka ni lilelile, Altezza, tena nyekundu. Tulimwandikia barua.