Ziara Tisa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi, Kakamega)



Shauri tulileltalo leo si la mishahara, na wengine wenu mtauliza limeingiaje hapa. Limeingia kwa sababu ya mwenzetu mmoja wa kukata miwa. Alipotoka hospitali baada ya kutaka kujiua, tulikwenda kwake watu kumi na wawili, na sukari na majani ya chai. Juma la pili tulikwenda wawili. Baadaye hakwenda mtu, maana kila mmoja alidhani mwingine anakwenda. Mwezi wa nne tulichanga fedha za jeneza, na hizo zilipatikana kwa siku moja.

Tumewauliza wenye elimu ya mambo haya, tukaonyeshwa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2008. Walichukuliwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali kwa kutaka kujiua, katika Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China. Kundi moja lilitibiwa kama kawaida. Kundi la pili, pamoja na matibabu, kila mtu aliketi na mtu wa kazi hiyo kwa saa moja akaelezwa hali yake na mahali pa kupata msaada, kisha akatembelewa au kupigiwa simu mara 9 katika miezi 18. Mwisho wake, waliokufa kwa kujiua katika kundi la kwanza walikuwa kama 2 katika kila 100. Katika kundi la pili, kama 2 katika kila 1,000.

Angalieni mara hizo 9 zilivyopangwa: juma la 1, la 2, la 4, la 7 na la 11, kisha mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Sisi tulikoma juma la 2.

Kweli, waliofanya kazi ile walikuwa watu wa matibabu, na sisi sio. Hatutajifanya madaktari. Lakini kumsindikiza mwenzetu kliniki twaweza, na kuketi naye twaweza.

Wengine waliogopa polisi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kifungo hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, alitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Waambieni jamaa wasimfiche mgonjwa nyumbani.

Wengine waogopa kuuliza, wakidhani watamtia mtu wazo hilo. Utafiti haukuona hivyo. Mtu akiulizwa kwa upole, waziwazi, hapati madhara, na mara nyingi hupata nafuu. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali, au pigeni simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Basi twaomba hivi. Kila kikundi cha kazi kichague watu wawili wasio na domo. Karani atatunza daftari lenye tarehe 9 kwa kila mwenzetu anayekubali kutembelewa, bila kuandika ugonjwa wake. Nauli na fedha za simu zitoke katika mfuko wa maziko. Mweka hazina amekwisha kukubali, ingawa alinung'unika kidogo. Majina yaletwe kabla ya mkutano ujao.